Kura ya kujiamulia katika maeneo ya ng'ambo: mtindo upi kwa mgogoro upi?

Machi 2013 wapigakura 1,513 wa Visiwa vya Falkland, vinavyodaiwa na Argentina, walisema ndiyo, tubaki chini ya Uingereza. Watatu walisema hapana. Desemba 2021 huko Kaledonia Mpya, visiwa vya Pasifiki, asilimia 96.5 ya kura zilikataa uhuru, yaani eneo libaki la Ufaransa. Tarakimu hizo mbili ukizitazama juu juu utadhani ni pacha. Ya kwanza ilitoka kwa watu walioafikiana. Ya pili ilitoka kwenye uchaguzi ambao zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawakufika kituoni, wengi wao kwa makusudi.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayelazimika kuchagua: asasi inayodai kura na haijui idai ya namna gani, mwanafunzi wa sheria anayeandaa pendekezo, mwandishi wa habari anayetakiwa kusema kama kura fulani ina uzito, au mwangalizi anayesubiri safari. Hatutazami nani alistahili kushinda. Tunatazama mitambo: daftari, swali, mipaka ya eneo, kuhesabu, tarehe na kinachofuata.

Kwanza kura zenyewe, kwa ufupi:

| Eneo na tarehe | Aliyeandaa | Matokeo | Upande wa pili ulipokeaje |
|---|---|---|---|
| Gibraltar, 10 Septemba 1967 | Uingereza | 12,138 kubaki na Uingereza, 44 kwenda Hispania | Hispania na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa waliikataa |
| Komoro, 22 Desemba 1974 | Ufaransa | Karibu asilimia 95 uhuru. Kisiwa cha Mayotte (Maore) pekee zaidi ya asilimia 63 hapana | Kila upande uliyasoma matokeo kivyake |
| Timor Mashariki, 30 Agosti 1999 | Umoja wa Mataifa | Asilimia 78.5 walikataa kubaki Indonesia. Waliojitokeza asilimia 98.6 | Indonesia iliyakubali Oktoba, nchi ikiwa imeshachomwa |
| Gibraltar, 7 Novemba 2002 | Serikali ya Gibraltar | 17,900 walikataa mamlaka ya pamoja, 187 walikubali | London iliweka mpango kando |
| Falkland, 10–11 Machi 2013 | Serikali ya visiwa | 1,513 kwa 3. Waliojitokeza asilimia 92 | Argentina iliipuuza |
| Kaledonia Mpya, 4 Novemba 2018 | Ufaransa | Hapana asilimia 56.7, waliojitokeza asilimia 81 | Ilikubaliwa na pande zote |
| Kaledonia Mpya, 4 Oktoba 2020 | Ufaransa | Hapana asilimia 53.3; waliojitokeza asilimia 85.7 | Ilikubaliwa na pande zote |
| Kaledonia Mpya, 12 Desemba 2021 | Ufaransa | Hapana asilimia 96.5, waliojitokeza asilimia 43.9 | Wadai uhuru waliikataa |
| Bougainville, 23 Novemba–7 Desemba 2019 | Tume huru ya pamoja | 176,928 uhuru, 3,043 mamlaka zaidi ya ndani | Papua Guinea Mpya iliipokea, kuidhinisha kukabaki |

Kura inamlenga nani?

Swali hili watu hulisahau, kumbe ndilo linaloamua kama gharama ina maana. Linganisha kura mbili za Gibraltar, eneo la Uingereza ambalo Hispania inalidai. Ya 1967 ilimlenga Mhispania, na yeye hakuwa ameahidi kuiheshimu. Desemba mwaka uleule Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2353 kwa kura 73 dhidi ya 19, likisema kura ile ilikwenda kinyume cha maazimio yake. Mwaka 1969 Hispania ikafunga mpaka, na magari hayakupita tena hadi 1985. Kwa maneno mengine, asilimia 99 na ushei haikununua chochote upande wa Madrid.

Ya 2002 ilikuwa hesabu nyingine kabisa. Julai 12 mwaka huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Jack Straw, alilitangazia Bunge kwamba nchi yake na Hispania zimekaribia kuafikiana juu ya kugawana mamlaka. Serikali ya Gibraltar ya Peter Caruana ikaitisha kura ndani ya miezi minne hivi, bila kuombwa na London. Mlengwa hapa alikuwa mlezi mwenyewe, ambaye kwa siasa za kwake asingeweza kuwaambia wapigakura elfu kumi na nane kwamba hawahesabiki. Mpango ukawekwa kabatini. Eneo lilelile, matokeo tofauti kwa sababu mlengwa ni tofauti.

Falkland iko katikati. Argentina inasimamia hoja kwamba wakazi wa sasa waliletwa baada ya Uingereza kuvitwaa visiwa 1833, hivyo hawana haki ya kuamua mamlaka ya ardhi. Inashika pia azimio 2065 la Umoja wa Mataifa la 1965, linalozitaka serikali mbili zijadiliane kwa kuzingatia *maslahi* ya wakazi. Azimio halikusema *matakwa*. Neno hilo moja ndilo lililofanya mapema ijulikane kwamba Buenos Aires haitayumba hata wote 1,513 wangepiga kura mara kumi. Waandaaji walilijua hilo. Walengwa wao walikuwa serikali za nchi zisizohusika na mgogoro na vyombo vya habari vya dunia, na kwa kipimo hicho kura ilifanya kazi yake.

Daftari: hapa ndipo mshindi hupatikana

Mwenye kuandika masharti ya kuingia kwenye daftari ameandika nusu ya matokeo. Kuna mitindo mitatu mikubwa.

Mtindo wa Falkland ni wa hadhi ya ukazi. Anayepiga kura ni mwenye hadhi ya Visiwa vya Falkland, inayopatikana kwa kuzaliwa au kwa kuishi huko miaka kadhaa na kuiomba. Wanajeshi wa kambi ya Mount Pleasant na wafanyakazi wa mkataba wako nje. Daftari lilikuwa na watu wasiofika 1,700. Faida yake ni kwamba lipo tayari, ni lilelile la uchaguzi wa kawaida, na halina pingamizi nyingi. Kasoro yake inaonekana mara moja: halimgusi mtu anayesema kwamba jamii nzima ndiyo mgeni.

Mtindo wa Timor Mashariki ni wa asili. Makubaliano ya Mei 5, 1999 kati ya Indonesia, Ureno na Umoja wa Mataifa yaliruhusu mtu wa miaka 17 na kuendelea aliyezaliwa huko, au ambaye mzazi wake mmoja alizaliwa huko, au aliyeoa au kuolewa na mtu wa aina hizo mbili. Mhamiaji aliyeletwa na serikali ya Jakarta bila ndoa wala mzazi hakuwamo. Mkimbizi aliyekuwa Lisbon, Macau au Maputo alikuwamo, na vituo viliwekwa huko huko; Msumbiji kulikuwa na Watimor waliokimbilia nchi iliyotawaliwa na Mreno kama wao. Uandikishaji ulichukua siku ishirini na kidogo na ukapata watu zaidi ya 450,000. Kwa nchi iliyojaa wanamgambo wa upande wa Indonesia wenye mapanga, ile ilikuwa kazi ya ajabu.

Mtindo wa Kaledonia Mpya ndio wenye maelezo mengi zaidi, na ndio tungeutuma kwa mtu wa kwanza anayeuliza. Makubaliano ya Nouméa (mji mkuu wa huko) ya Mei 5, 1998 yaliunda madaftari matatu: la kawaida kwa uchaguzi wa kitaifa wa Ufaransa, la mikoa kwa uchaguzi wa mabaraza ya huko, na la tatu kwa kura ya uhuru peke yake. Kuingia hilo la tatu mtu alitakiwa, kwa mfano, kuwa na hadhi ya kimila ya Kikanaki (Wakanaki ndio wenyeji wa asili), au kuwa ameishi huko miaka 20 mfululizo kufikia Desemba 31, 2014. Maana yake ni kwamba aliyehamia 1995 kutoka Ufaransa, hata kama amejenga na kusomesha watoto pale, hakupiga kura. Mwaka 2018 daftari hilo lilikuwa na watu 174,165, na makumi ya maelfu ya waliokuwa kwenye daftari la kawaida waliachwa.

Je, ni ubaguzi? Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ililitazama jambo hilo 2002, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikatazama sharti la miaka kumi kwa uchaguzi wa mabaraza mwaka 2005. Zote mbili zilikubali vikwazo hivyo kutokana na mazingira ya kuondoa ukoloni. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba masharti marefu ya ukazi hayakubaliki kisheria hata kidogo, si kweli. Yanayotakiwa ni yawe ya jambo mahususi, yawe ya mpito, na yawe yamekubaliwa na pande zote.

Sababu ya Wakanaki kushikilia sharti hilo inaonekana ukirudi nyuma hadi Septemba 13, 1987. Kura ya mwaka huo ilimruhusu mtu mwenye ukazi wa miaka mitatu. FLNKS, muungano wa vyama vya uhuru, ukasusia. Matokeo: asilimia 98 hapana. Miezi minane haijapita, Aprili na Mei 1988, kukawa na utekaji na mauaji ya pango la kisiwa cha Ouvéa. Na mwaka 2024, Paris ilipojaribu kulifungua daftari la mikoa kwa wenye ukazi wa miaka kumi, Nouméa iliwaka moto kuanzia Mei 13 na watu zaidi ya kumi wakafa. Hiyo haikuwa hata kura ya uhuru. Lilikuwa daftari tu.

Jambo linaloharibika mara kwa mara katika daftari la aina hii ni ushahidi. Mtu wa kijijini mwenye haki ya wazi hana karatasi, na mgeni mwenye karatasi zote anakatwa kwa pengo la miezi michache. Tiba iliyotumika kwa kura ya 2018 ilikuwa ni kuwaingiza wenye hadhi ya kimila moja kwa moja bila kuwasubiri waje na fomu, na kuweka wataalamu wa Umoja wa Mataifa kutazama tume za uandikishaji zinavyokubali na kukataa maombi. Tume hizo zilikuwa na wajumbe wa pande zote mbili. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, jiandae kwa kesi.

Swali kwenye karatasi

Azimio 1541 la Umoja wa Mataifa la 1960 linataja njia tatu za kutoka ukoloni: uhuru, ushirika huru na nchi nyingine, au kuungana nayo. Kura nyingi huuliza moja tu, ndiyo au hapana, kisha kila mtu akajaza mwenyewe maana ya jibu.

Kaledonia Mpya iliuliza: je, unataka Kaledonia Mpya ipate mamlaka kamili na kuwa huru? Swali safi, halina mtego. Lakini mtu aliyetaka ushirika huru, yaani uhuru wenye mkataba na Ufaransa wa ulinzi na fedha, hakujua achague jibu lipi. Wapo waliosema ndiyo kwa sababu hiyo, na wapo waliosema hapana kwa sababu hiyohiyo.

Falkland ilifanya kitu kizuri ambacho hakisemwi vya kutosha. Kabla ya swali la kubaki na hadhi ya sasa, karatasi ilikuwa na maelezo mafupi yanayosema kwamba hapana ikishinda, serikali itafanya mashauriano kisha iitishe kura nyingine juu ya njia mbadala. Mpigakura alijua kwamba hapana si tiketi ya kwenda Argentina. Ukiandika swali la hadhi ya sasa, nakili wazo hilo.

Timor Mashariki ilitumia kukubali au kukataa utawala wa ndani chini ya Indonesia, kila chaguo na alama yake kwa wasiosoma. Waliokataa walielezwa palepale kwamba kukataa ni kutengana. Bougainville, eneo la Papua Guinea Mpya, iliweka machaguo mawili yenye majina: mamlaka zaidi ya ndani, au uhuru. Huu ndio mtindo tunaoupenda kuliko ndiyo na hapana, kwa sababu hakuna upande unaolazimika kufanya kampeni ya neno "hapana".

Ukiongeza machaguo mengi jihadhari na Puerto Rico. Desemba 1998 karatasi yao ilikuwa na hadhi nne zilizoelezwa, pamoja na chaguo la tano la kutotaka lolote kati ya hizo. Lililoshinda ni hilo la tano, kwa asilimia 50.3. Pesa zimetumika na jibu hakuna.

Kisiwa kimoja au visiwa vyote?

Msomaji wa pwani yetu anaijua habari hii kwa majina ya watu wa nyumbani. Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore (ndiyo Mayotte) vilikuwa koloni moja la Ufaransa, visiwa vinne vyenye dini moja na lugha zilizo ndugu na Kiswahili. Oktoba 1974 Rais Valéry Giscard d'Estaing alisema hadharani kwamba Komoro ni kitu kimoja na haingekuwa busara kisiwa kimoja kibaki na hadhi yake. Mwezi mmoja baadaye, sheria ya Novemba 23 ikaandika kwamba kutakuwa na kushauriana na *wakazi* wa Komoro kwa umbo la Kifaransa la wingi (*populations*): si umma mmoja, ni jamii za watu. Herufi moja ya mwisho ya neno. Kwa Kiswahili ungelazimika kuchagua waziwazi kati ya "umma wa Komoro" na "jamii za Komoro", na bungeni ungeulizwa umekusudia nini. Kwa Kifaransa ilipita.

Desemba 22 matokeo yakatoka: kwa ujumla karibu asilimia 95 uhuru, na Mayotte zaidi ya asilimia 63 hapana. Aliyesoma umma mmoja aliona nchi huru. Aliyesoma jamii mbalimbali aliona kisiwa kimoja kimekataa. Julai 3, 1975 Bunge la Ufaransa likaweka sharti la katiba kupitishwa kisiwa kwa kisiwa. Siku tatu baadaye Ahmed Abdallah, mkuu wa serikali ya ndani ya Komoro, akatangaza uhuru bila kungoja. Novemba 12 Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro ikiwa na visiwa vinne, Mayotte ikiwemo.

Kilichofuata ni mfululizo wa kura zinazozidi kuwa na asilimia kubwa na kuzidi kukataliwa nje. Februari 6, 1976 Ufaransa ilitumia kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama. Siku mbili baadaye Mayotte ikapiga kura, asilimia 99.4 kubaki Ufaransa. Oktoba Baraza Kuu likalaani kwa azimio 31/4. Machi 29, 2009 kura nyingine, asilimia 95.2 kuwa mkoa kamili wa Ufaransa, na tangu Machi 31, 2011 ni mkoa wa 101. Wakati huohuo, tangu 1995, mtu wa Nzwani anahitaji viza kuvuka kilomita 70 hivi kwenda kwa shangazi yake, na asiye na viza anapanda mtumbwi wa kwasa-kwasa usiku. Wengi wamekufa maji.

Wapo wanaosema kura za wengi zilipaswa kuheshimiwa kisiwa kwa kisiwa kwa sababu ndicho watu wa Maore walichotaka, na tangu 1974 hawajabadilika. Hoja hiyo si ya kupuuza. Lakini sheria ya kimataifa inaelekea upande mwingine: maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Februari 25, 2019 kuhusu Chagos, visiwa ambavyo Uingereza ilivikata kutoka Mauritius kabla ya uhuru, yalisema koloni lina haki ya kubaki zima wakati wa kupata uhuru, na sehemu isikatwe isipokuwa kwa matakwa huru na ya kweli ya watu wa eneo lote. Kama unaandika sheria ya kura katika visiwa, andika mambo mawili kabla ya kuandikisha mtu wa kwanza: hesabu itajumlishwa wapi, na kisiwa kikitofautiana na vingine nini kitatokea. Ukiyaacha kwa ajili ya kupata sahihi za haraka, utayalipa baadaye kwa riba.

Siku ya kura na kuhesabu

Falkland ilikuwa na vituo vya kudumu Stanley na katika makazi machache makubwa, na masanduku mengine yakazunguka kwa magari ya kupanda milima na kwa ndege ndogo hadi kwenye mashamba ya kondoo. Siku mbili zilitosha. Waangalizi walitoka nchi kadhaa, zikiwemo za Amerika Kusini. Umoja wa Mataifa haukutuma mtu.

Kaledonia Mpya kulikuwa na tatizo la Wakanaki wa Visiwa vya Loyauté waliohamia Nouméa kutafuta kazi lakini wameandikishwa kwao. Suluhisho lilikuwa vituo maalumu mjini Nouméa kwa wapigakura wa visiwa, ili wasilazimike kupanda meli au ndege. Jambo dogo, na linafaa kuigwa popote penye wahamiaji wa ndani.

Timor Mashariki ndiyo inayofundisha zaidi kuhusu kuhesabu. Kura zote zilisafirishwa hadi mji mkuu, Dili, zikachanganywa, zikahesabiwa pamoja, na matokeo yakatangazwa kwa eneo zima tu. Hakuna aliyejua kijiji fulani kilipigaje. Lengo lilikuwa kuwanyima wanamgambo orodha ya vijiji vya kuadhibu. Linganisha na Kaledonia Mpya, ambako matokeo yalitolewa kwa kila manispaa: mwaka 2018 mkoa wa Kusini ulisema hapana kwa karibu robo tatu, wa Kaskazini ukasema ndiyo kwa karibu robo tatu, na Visiwa vya Loyauté zaidi ya asilimia 80 ndiyo. Uwazi ni mzuri na wakala anaweza kukagua kila fomu. Lakini ramani hiyo inachora mpaka wa kikabila kwa rangi. Kama kuna silaha mikononi mwa watu, chagua njia ya Dili na ukubali kupoteza ukaguzi wa kituo kwa kituo.

Ila njia ya Dili peke yake haikuokoa watu. Makubaliano ya Mei 1999 yaliacha ulinzi mikononi mwa Indonesia. Umoja wa Mataifa ulikuwa na polisi wasiozidi 280 wasio na silaha na maofisa 50 wa uhusiano wa kijeshi. Tarehe ilisogezwa kutoka Agosti 8 hadi 30 kwa sababu ya vurugu, kisha kura ikapigwa hivyohivyo. Matokeo yalitangazwa Septemba 4. Nyumba zikaanza kuchomwa, zaidi ya watu elfu moja wakauawa, zaidi ya 200,000 wakajikuta Timor Magharibi, upande wa Indonesia. Kikosi cha kimataifa kilichoongozwa na Australia kiliingia Septemba 20. Siku kumi na sita kati ya tangazo na kikosi ndizo gharama ya kifungu kimoja cha makubaliano.

Viwango vya ushindi

Hapa hatukai sana. Tokelau, visiwa vitatu vidogo chini ya Nyuzilandi, iliweka theluthi mbili. Februari 2006 ilipata kura 349 kati ya 584. Oktoba 2007 ilipata 446 kati ya 692, ikapungukiwa kura 16. Wengi walitaka, mara mbili, na hawakupata. Kiwango cha juu kinafaa jamii ndogo inayotaka kuwa na hakika. Kwenye mgogoro mkali kinampa wachache funguo.

Kiwango cha idadi ya waliojitokeza ni kitu kingine. Sudan Kusini 2011 ilihitaji asilimia 60 wajitokeze, na ilipita bila shida, pamoja na vituo vya Kenya na Uganda. Hatari yake ni kwamba anayejua atashindwa huwaambia watu wake wabaki nyumbani. Kaledonia Mpya haikuweka kiwango, na 2021 tukaona upande mwingine wa sarafu.

Tarehe

Makubaliano ya Nouméa yaliruhusu hadi kura tatu. Pengo la 2018 lilikuwa kura zaidi ya 18,500. La 2020 likashuka hadi 9,970: hapana 81,503, ndiyo 71,533. Mwelekeo ulionekana, na kila upande uliungoja mwaka wa tatu kwa hesabu zake.

Mwaka 2019 serikali ya Paris ilikuwa imesema kura ya tatu isiangukie kati ya katikati ya Septemba 2021 na mwisho wa Agosti 2022, ili isigongane na uchaguzi wa rais wa Ufaransa. Ikaja kuiweka Desemba 12, 2021. Septemba hiyo korona ikaingia kwa nguvu na kuua takriban watu 280, wengi wao Wakanaki na watu wengine wa Pasifiki. Viongozi wa mila wakatangaza matanga ya mwaka mzima. Wadai uhuru wakaomba kusogezewa, wakanyimwa, wakasusia.

Sasa tazama tarakimu za 2021: hapana 75,720, ndiyo 2,747. Kura za hapana zilipungua kwa karibu 5,800 kutoka mwaka uliotangulia, ilhali asilimia yake ilipaa kutoka 53 hadi 96. Mtu akikuletea asilimia bila idadi, mwombe idadi kwanza.

Uchague upi?

Mdai wa nje amekataa kila mazungumzo, na ndani watu ni kitu kimoja: fuata Falkland. Ni ya bei nafuu, inaandaliwa ndani ya mwaka mmoja, na karatasi ieleze kitakachofuata. Usiwaahidi wananchi kwamba mgogoro utakwisha.

Serikali mama ndiyo inayotaka kuwaachia bila kuwauliza: Gibraltar 2002. Itisheni haraka, kabla mkataba haujasainiwa. Wachagosi hawakupata nafasi hiyo. Mkataba wa Uingereza na Mauritius wa Mei 22, 2025 ulisainiwa bila wao kupiga kura.

Ndani kuna jamii mbili, moja ya asili na moja iliyokuja: daftari la Kaledonia Mpya, swali la Bougainville. Tarehe iwe kwenye makubaliano yenyewe, na kuwe na njia ya kuiahirisha kwa ridhaa ya pande mbili, si kwa uamuzi wa serikali mama peke yake. Kura tatu mfululizo zenye swali lilelile hatuzipendekezi. Kila duru iliwasukuma watu mbali zaidi.

Kuna majeshi au wanamgambo: daftari na hesabu ya Timor, lakini kikosi cha kigeni kiwe kimeshatua kabla ya uandikishaji. Kama hakipatikani, subirini. Bougainville ilisubiri miaka 18 tangu makubaliano ya amani ya Agosti 30, 2001, silaha zikikusanywa na serikali ya ndani ikijengwa, na wiki mbili za kupiga kura zikapita kwa amani, zikisimamiwa na tume iliyoongozwa na Bertie Ahern, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Ireland. Udhaifu wake uko mwishoni: kura haifungi, matokeo yanahitaji Bunge la Papua Guinea Mpya huko Port Moresby, na makubaliano hayakuweka siku ya mwisho ya Bunge kuamua. Miaka mitano baada ya asilimia 98 kusema uhuru, Bunge hilo lilikuwa bado halijaidhinisha. Ukinakili Bougainville, ongeza sentensi moja yenye tarehe, na useme tarehe hiyo ikipita bila uamuzi itahesabiwa kuwa nini.